Bakshishi Apewe Nani?

4 Februari

Mwanangu Kiherehere,

Hujambo? Na mgongo wa baba yako unaendeleaje? Mwambie dada yake anamsalimu, na aache kunyanyua mitungi ya gesi kana kwamba bado anatafuta mchumba. Mimi ni mzima. Paa linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kabati la vyombo. Fundi amekuja, ametazama juu, ametikisa kichwa, amekunywa chai, ameondoka. Tangu nistaafu kule hospitali nimegundua kwamba mafundi wote wa mji huu walikuwa wakiiogopa sare yangu tu. Mkuu wa chumba cha kufulia alikuwa mtu wa kusikilizwa, lakini mwanamke mwenye ndoo katikati ya sebule anaambiwa asubiri wiki ijayo.

Habari isiyo nzuri ni ya Bi Saa. Unamkumbuka shoga yangu, yule aliyekuwa karani wa mahakama, anayetazama saa yake hata akiwa katikati ya kicheko. Tulianza kuzamia pamoja mwaka ule tulipostaafu, na watu walitucheka wee, wanawake wawili wazima na mitungi ya hewa mgongoni. Basi daktari amempima akakuta moyo unaruka mapigo. Amemkataza kuzamia, si mwezi huu wala mwaka huu, bali moja kwa moja. Alinipa habari hiyo mlangoni kwangu, hakutaka hata kukaa. Nilimshika mkono tukasimama hivyo mpaka jirani akatoka kuuliza nani amefariki.

Sasa nina swali, na mtaalamu ni wewe uliyekula bakshishi tangu siku uliyoshika sinia. Pale kituo cha kuzamia kuna sanduku la bakshishi juu ya meza. Mteja akirudi kutoka majini anatia chochote alicho nacho na kuandika jina lake kwenye bahasha. Jumamosi asubuhi wanalifungua, wanasoma majina, wanagawana wote: kiongozi wa wazamiaji, nahodha wa boti, mama anayeosha nguo za mpira, na fundi wa mitungi tunayemwita Pumzi. Zamani tulipokuwa tukizama na kiongozi mambo yalikuwa wazi, unamshukuru aliyekutangulia. Lakini mtu akichukua mtungi tu, akaingia mwenyewe kutokea ufukweni na akatoka mwenyewe, bakshishi apewe nani? Pumzi ananijazia hewa, halafu ananibebea mtungi mpaka chini ya ngazi za zege, kazi ambayo si yake. Sandukuni sitaki kutia, kwa sababu zangu. Nisipotoa naona haya, nikitoa sijui natoa kwa lipi.

Nijibu kwa barua. Kwenye simu unanidakia maneno.

Shangazi yako


21 Februari

Shikamoo Shangazi,

Baba amesikia salamu na amejibu kwa kunyanyua mtungi wa gesi mbele yangu, kisha akalala kifudifudi siku mbili. Nimemkanda mafuta, nimemkanda maneno. Anakula vizuri, analalamika vizuri, kwa hiyo usiwe na shaka.

Huku hotelini kuna kasheshe. Yule mhudumu wa meza za dirishani tunayemwita Tai Nyekundu amekutwa na noti ndani ya soksi. Wewe unadhani bakshishi ni jambo la mteja na mkono wake, lakini kwetu ina adabu zake. Ukipewa mkononi, tunapofunga ukumbi unasimama mbele ya wenzako wote unasema, "Hii nimepewa na fulani, kwa jambo fulani," ndipo inaingia kwenye chungu cha pamoja. Hiyo sheria hakuitunga meneja, tumeitunga sisi wenyewe, kwa ajili ya waosha vyombo ambao mteja hawaoni. Na kila mahali nilipofanya kazi nimeikuta. Anayeficha hafukuzwi, ila hakuna anayemsogezea kiti. Tai Nyekundu sasa anakula amesimama kando ya jokofu.

Haya, tuje kwako. Swali lako nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka. Nilipolisoma mara ya pili nilikaa chini. Shangazi, huyo "mtu" anayeingia mwenyewe na kutoka mwenyewe ni nani? Bi Saa amekatazwa. Kiongozi humtaki. Kwa hiyo kule chini yuko nani na wewe? Mimi si mzamiaji, lakini hata wewe mwenyewe ulinifundisha, siku ile uliponivalisha miwani ya maji nikalia, kwamba wa kwanza kuangalia si samaki, ni mwenzako.

Habari za bakshishi sitakujibu mpaka unijibu hili. Barua yako Baba hajaiona. Bado.

Mwanao


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Fundi wa paa amerudi, safari hii na mdogo wake, wakatazama juu wote wawili. Jirani ameozesha binti yake na amenirudishia sufuria ikiwa na tundu, akasema lilikuwepo. Nimeanza kupanda vitunguu kwenye mabeseni ya zamani. Hali ya hewa ni nzuri. Kisa cha Tai Nyekundu kimenivunja mbavu, nimemsimulia hata muuza magazeti.

Naona bado unasubiri.

Ndiyo, nazama peke yangu. Kabla hujavimba shingo, nisikilize, maana sifanyi kama mtoto aliyetoroka shule. Nikiamka na mafua au masikio yameziba, siingii. Nikifika nakaa ngazi ya mwisho na kuyatazama mawimbi mpaka niyazoee, na yakinitia wasiwasi hata kidogo narudi nyumbani na nguo kavu. Siendi chini zaidi ya urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Hewa yangu naigawa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu siligusi, hilo ni la siku mbaya. Nina kichupa cha hewa ya akiba chenye mdomo wake wa kupumulia, kisu mguuni, mkasi kifuani, na boya jekundu linaloelea juu yangu ili boti zijue kuna mtu. Napanda polepole, na kabla ya kutoka nasimama kidogo chini ya uso wa maji kama mtu anayesubiri lifti. Hakuna kijana pale kituoni anayejiandaa hivyo.

Utaniuliza kwa nini. Siku ile mlangoni, Bi Saa alipomaliza kuniambia, neno lilinitoka kabla sijalipima: "Basi na mimi nimeacha. Bila wewe sina hamu." Akalia. Akaniambia mimi ni zaidi ya ndugu yake. Ukishamwambia mtu hivyo, na akalia hivyo, unarudi kumwambia nini kesho yake?

Na nilijaribu, Mungu anajua. Nilikaa nyumbani nikafua mapazia yasiyo na uchafu. Lakini wewe hukuniona maisha yangu yote kwenye ule mvuke, mashine zinanguruma, nikipiga kelele kuomba shuka za wodi ya wazazi. Kule chini ni mahali pa kwanza ambapo sikuhitaji kupaza sauti. Nilimezwa na hamu mpaka nikawa naota. Nikamfuata Pumzi. Jumanne boti inatoka na wateja, kituoni anabaki yeye na mashine yake, na mimi naingia na kutoka bila mtu kujua. Nikichukua kiongozi itatajwa, na Jumamosi Bi Saa yupo pale, amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai nao, maana mahali pale hawezi kupaacha. Na hata asingekuwepo, kuzama na mtu mwingine ni kumwambia nafasi yako imejazwa. Hilo siwezi.

Pumzi ananung'unika. "Shangazi, iko siku utanitia matatani." Lakini anabeba mtungi. Ndiyo maana nakuuliza tena, nimpe vipi bakshishi yake? Na usimwambie baba yako, tafadhali. Atapanda basi na mgongo ule.

Shangazi yako


9 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa kukujibu, na nimechelewa makusudi, kwa sababu kila nilipoanza kuandika kalamu ilitoboa karatasi. Baba hajambo. Mimi nimehamishiwa upande wa kumbi za mikutano, kazi ni ileile, miguu inauma zaidi.

Barua yako nimeisoma mpaka naikumbuka kwa moyo. Umenieleza kisu, umenieleza mkasi, kichupa, boya na lifti. Jambo moja hukulieleza. Nani anajua kwamba muda wako umepita? Pumzi akishakufikisha chini ya ngazi anarudi kwenye mashine inayonguruma, mlango umefungwa. Boti iko mbali. Shoga yako anaamini uko nyumbani unapanda vitunguu. Shangazi, ukikwama Jumanne asubuhi, nani ataanza kukutafuta? Baba, Jumapili, usipopokea simu?

Nimefikiria sana. Baba sitamwambia, umeniomba na nimekubali. Bi Saa sitamwandikia, hilo ni lako na yeye.

Kuhusu bakshishi, haya ndiyo majibu yangu. Aliyekufanyia kazi isiyo yake anastahili kushukuriwa yeye mwenyewe. Usitie sandukuni. Mpe Pumzi mkononi. Mpe Ijumaa jioni, mtu anakuwa na mahitaji ya mwisho wa wiki. Na mwambie wazi ni ya nini, kwamba ni ya kukubebea mtungi, asije akadhani unamnunua anyamaze.

Mwanao


30 Aprili

Kiherehere,

Leo salamu zitakuja mwishoni, kama zitakuja.

Nilifanya ulivyosema. Ijumaa jioni nikampa Pumzi mkononi, nikamwambia ni ya kunibebea mtungi. Akapokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, nikaenda zangu moyo mweupe. Kesho yake, Jumamosi, nikapita kituoni kunywa chai na Bi Saa, kama kawaida yangu, mtu aliyestaafu kuzamia anayemtembelea mstaafu mwenzake. Wakafungua sanduku. Kiongozi akasoma majina ya kwenye bahasha. Alipomaliza, Pumzi akasimama, akatoa noti zangu mfukoni, akaziweka mezani mbele ya wote.

"Na hizi nimepewa mkononi," akasema. "Zimetoka kwa Shangazi. Kwa kumbebea mtungi wa Jumanne."

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anafuata adabu yao, uso wake umenyooka kama wa mtu anayesoma risala. Mama wa nguo za mpira akapiga makofi. Kiongozi akanigeukia, "Jumanne? Jumanne ulizama na nani?"

Mimi nilikuwa namtazama Bi Saa. Aliweka kikombe chini bila kelele, akatazama saa yake, ile saa yake ya kuzamia ambayo hajaivua mpaka leo, akaniuliza polepole, "Tangu lini?"

Nikasema, "Tangu mwezi uleule uliokatazwa."

Akasimama akaondoka. Chai yake ilibaki mezani, mimi nikabaki nayo. Nimekwenda kwake mara nyingi. Redio inasikika ndani, mlango haufunguki. Barua niliyopitisha chini ya mlango imerudishwa kwa njia ileile niliyoipitishia. Kiongozi naye ameniita pembeni akanihutubia kama mwanafunzi, na Pumzi hanitazami usoni kwa aibu, wakati aibu yote ni yangu. Nimefiwa na wazazi, nimeuguza, nimestaafu, lakini ule mlango unaniumiza kwa namna yake.

Nimekaa nikaitoa barua yako ya Februari nikaisoma tena. Ile ya soksi ya Tai Nyekundu, ambayo niliicheka na muuza magazeti. Kisha nikaisoma ya Aprili.

Kwa nini Ijumaa, mwanangu?

Shangazi yako, ambaye anamsalimu baba yako


22 Mei

Shikamoo Shangazi,

Baba hajambo kabisa. Amepata mkanda wa mgongo, anauvaa juu ya shati ili wageni waulize. Mpangaji wetu amehama na kutuachia paka. Paka huyo hapendi mtu yeyote isipokuwa Baba, na Baba anasema hampendi, lakini nimemkuta akimchambulia samaki miiba. Tai Nyekundu amerudishwa mezani. Alisimama akasema yote mbele yetu, halafu mwosha vyombo mkubwa kuliko wote akamsogezea kiti kwa mguu bila kumwangalia. Nimenunua viatu vipya vya kazini. Vinabana.

Umeniuliza kwa nini Ijumaa. Swali nimelisoma.

Na mimi nina langu. Bado unazama? Usinijibu habari za paa. Bi Saa akikununia unaumia, naelewa, na roho inaniuma kukuona unaumia. Lakini mtu aliyenuna unaweza kugonga mlango wake kesho. Wewe ukibaki kule chini mimi nitagonga wapi? Nitabaki na barua za ndoo na vitunguu. Hukunizaa, lakini ada zangu za shule zilitoka kwenye shuka ulizofua, na sijui kuwa mtu bila wewe. Nakupenda na nimekukasirikia, vyote viwili kwa pamoja, na sitaomba radhi kwa kimoja wala kingine.

Mwanao


17 Julai

Mwanangu Kiherehere,

Najua nimekaa kimya mno, na simu zako nilikuwa nazijibu kwa "mzima, mzima" kama kasuku. Nilikuwa sina la kuandika ambalo lisingekuwa uongo. Paa limezibwa. Nimelipanda mwenyewe na lami na brashi. Mwambie baba yako, yeye na mgongo wake watakasirika pamoja. Huyo paka mpe salamu zangu.

Ndiyo, niliendelea. Kiongozi alinikataza mtungi wa kituo, nikakodi kwingine, nikaupakia kwenye toroli ya sokoni. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, nikajisemea kama nimeshapoteza shoga kwa ajili ya bahari, basi bahari yenyewe nisiiache. Mtu mwenye hasira hafai kuzama. Hilo nalo ni katika yale ninayoyajua vizuri na kuwafundisha wengine.

Jumanne moja mwezi uliopita nilikuwa narudi, fungu la pili la hewa, nimeshaliona jabali lililo karibu na ngazi. Nikasimama. Sikusimama kwa kutaka. Kitu kilinishika kwa nyuma, kwenye koki ya mtungi, nikivuta kinakaza. Ulikuwa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba usioonekana, umenasa kwenye mwamba miaka na miaka. Nikaacha kuvuta. Nikapumua. Kisu kiko mguuni na mkasi kifuani, na mimi nimenaswa kisogoni, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Na nilikumbuka, mwanangu, ilivyokuwa zamani nikinaswa hivyo. Bi Saa angenigusa bega, angekata, na tungeendelea, na nisingekumbuka hata kumshukuru.

Ilibidi niivue fulana ya kuelea pamoja na mtungi wake, kulekule chini, nikiwa nimeuma mdomo wa kupumulia kwa meno, niigeuze mbele yangu niutafute mshipi kwa vidole. Nilikata pa kwanza, kumbe umezunguka mara nyingi. Nilifika kwenye lile fungu la tatu. Nilikuwa naogopa, sitakudanganya, niliogopa mpaka nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Na katika woga ule swali lako la Aprili lilikuja lenyewe: nani anajua kwamba muda wangu umepita? Nikajijibu, hakuna.

Nilikata wa mwisho, nikavaa nilivyoweza, nikapanda polepole kama inavyotakiwa ingawa kila kiungo kilitaka kukimbia. Nilipotoa kichwa nikasikia filimbi. Filimbi inapigwa bila kupumzika, na kwenye ngazi za zege kiongozi, boti yake ndiyo kwanza imerudi, yuko nusu amevaa nguo ya mpira, Pumzi anamfunga mtungi mgongoni. Na juu yao, kando ya kiti cha plastiki, amesimama Bi Saa, filimbi mdomoni na ndala zangu kwapani.

Walinivuta. Nikakaa kwenye ngazi natetemeka. Wanaume wakatupisha.

"Nilinaswa," nikasema.

"Najua. Mapovu yako yalisimama mahali pamoja. Mtu anayekwenda, mapovu yake yanakwenda." Akatazama saa yake. "Kisha nikakupa muda wa kujinasua, maana nakujua. Ulipopita, nikamwita Pumzi."

"Ulijuaje kwamba nimeingia?"

"Kila Jumanne naja. Tangu siku ile ya bakshishi. Nakaa kule nyuma ya ukuta, nahesabu muda wako, ukitoka naondoka. Nilikuwa sitaki kusema na wewe. Sikusema nataka ufe."

Nikalia kama mtoto, makamasi na maji ya chumvi. Nikamwambia niliogopa angenionea wivu, angeumia.

"Ningekuonea wivu," akasema. "Ningelia wiki nzima. Halafu ningekuja na kiti. Daktari alininyima maji tu. Wewe ulininyima hata kukusubiri."

Nilimwomba radhi. Akaniambia nivae ndala, nitapata baridi.

Sasa mambo ni haya. Sizami tena peke yangu. Mwenzi wa majini kanichagulia yeye mwenyewe, kwa mahojiano, daktari wa meno mstaafu, mwanamke mwenye mikono ya taratibu na asiye na haraka ya kwenda popote. Bi Saa alimuuliza maswali kama shahidi kizimbani. Kituo kimenirudishia mtungi. Tunaingia, yeye anakaa kwenye kiti juu ya ngazi na filimbi na simu ya kituo, na tunamwambia kabla ya kuingia tutatoka saa ngapi. Tukichelewa hata kidogo tunakuta amesimama.

Siku ya kwanza nilipotoka nikataka kumpa bakshishi, maana nimeona kazi yake ni kubwa kuliko ya kiongozi. Aliitazama ile noti kama nimempa ganda la ndizi.

"Nilipe kwa habari," akasema. "Yote uliyoyaona. Na usinipunguzie ili nisiumie."

Basi ndivyo tunavyofanya. Kabla sijavua mapezi nakaa ngazi ya chini namweleza. Pweza aliyebadili rangi mara tatu akinitazama. Kamba aliyeota pembe moja tu. Mwanga ulivyoingia chini ya jabali letu. Anafumba macho. Siku nyingine machozi yanamtoka, nami naendelea kusema, kwa sababu ndivyo alivyoagiza.

Kilichobaki ni deni la adabu. Ndani ya barua hii utakuta noti moja. Ni bakshishi yako. Sisemi kwa kazi gani. Habari za Ijumaa sikuulizi tena, na wewe usinijibu.

Shangazi yako, mzima, na safari hii ni kweli


8 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Baba na paka wanakusalimu. Baba amesikia habari ya lami na amevaa mkanda wa mgongo kwa niaba yako. Ya mshipi, kwa kuwa sasa yamekwisha, nimemsomea polepole, baada ya kumficha funguo na nauli ya basi. Nilipomaliza akaniuliza Bi Saa anapenda nini, tumpelekee. Viatu vimeacha kubana.

Barua yako niliifungua kazini, chumba cha kubadilishia nguo, na sikuweza kutoka mpaka mwosha vyombo aliponiletea maji ya kunawa uso.

Noti nimeipata. Jioni ile, tulipofunga ukumbi, nilisimama kama kila mtu. Nikaiweka mezani, nikasema, "Hii nimepewa na shangazi yangu, kwa kazi ambayo hakunituma." Tai Nyekundu akauliza ni kazi gani. Nikamwambia hilo hata shangazi mwenyewe ameacha kuliuliza.

Imeingia kwenye chungu, tumegawana wote. Fungu langu limetosha stempu ya barua hii.

Mwanao